Posta Inayokuja Kuchukua

Watu wa nyumbani wakiniuliza ni kitu gani cha Marekani ningependa kukiona Tanzania, wengi hutarajia nitaje barabara au mishahara. Mimi nataja bahasha nyekundu ya Netflix.

Kabla haijawa kitu cha kubonyeza kwenye simu, Netflix ilikuwa biashara ya kukodisha DVD kwa posta. Ilianza kutuma diski mwaka 1998 kutoka California, ikaacha tarehe 29 Septemba 2023, na kwa miaka hiyo yote ilituma diski zaidi ya bilioni 5. Unachagua filamu mtandaoni, unazipanga kwa zamu, ya kwanza inakufikia nyumbani. Unakaa nayo utakavyo, hakuna faini. Ukiirudisha, inayofuata inaondoka ghalani.

Bahasha yenyewe ilitengenezwa na watu waliofikiri. Karatasi nyepesi, na ndani yake diski iko kwenye mfuko mwembamba wenye jina la filamu, bila kasha la plastiki. Unachana ukingo, unatoa kipande cha juu, unakuta anwani ya kurudishia imeshachapishwa na gharama ya posta imeshalipwa. Ukimaliza kutazama unaifunga, unaiweka kwenye kisanduku cha barua mbele ya nyumba na kuinua kibendera cha pembeni. Mtu wa posta akipita kugawa barua anakiona kibendera, anaichukua. Hujapanga foleni wala hujaongea na mtu.

Mimi nimekulia kwenye vibanda vya kukodi CD Dar es Salaam. Unaacha kitambulisho au unaandikwa daftarini, na mwenye kibanda anaipangusa diski kwa pindo la shati, anaielekeza kwenye taa kutafuta mikwaruzo, kisha anakwambia hii acha, inakwama katikati, chukua ile iliyotafsiriwa. Ushauri wa namna hiyo haukuja kwenye bahasha yoyote. Wala sijaona huku kitu cha kufanana na banda la video la mtaani, watu wamebanana kwenye mabenchi wakimsikiliza mtafsiri anayewatia waigizaji wa Hong Kong maneno ya Manzese. Kwa utamu wa kuangalia sinema tuliwazidi, na nasema hivyo bila kusita.

Walichotuzidi ni safari ya kurudi. Sisi kutuma tunajua sana. Mzigo wa Mwanza unauandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unawakabidhi watu wa basi, kesho yake mpokeaji anapigiwa simu aufuate stendi. Mfumo huo umejengwa na wananchi wenyewe na unafanya kazi. Lakini mwambie huyo mpokeaji aurudishe uone: atafute nafasi, apande gari hadi stendi, alipe upya. Biashara ya kukodisha kitu kwa mtu aliye mbali inafia hapo.

Posta ya Marekani nayo isisifiwe kupita kiasi. Mashine zao za kuchambua barua zinapitisha bahasha kwa kasi kwenye mikanda na magurudumu yanayozikunja, na diski haipendi kukunjwa. Mwaka 2007 mkaguzi mkuu wa posta hiyo alieleza kwamba bahasha nyingi za Netflix zilikuwa zinachambuliwa kwa mkono, na kazi hiyo ikigharimu takriban dola milioni 21 kwa mwaka. Mteja mkubwa akihudumiwa hivyo bila nyongeza ya bei, GameFly, kampuni ndogo iliyokodisha diski za michezo, ilikuwa ikilipia kiwango cha bahasha kubwa ili diski zake zisipasuke. Ikalalamika mwaka 2009, na mwaka 2011 tume inayosimamia posta ikakubali kwamba GameFly imebaguliwa. Kesi iliendelea miaka kadhaa baada ya hapo. Posta ni ya umma, na upendeleo kama huo unaua wafanyabiashara wadogo. Tukiiga, tuige kibendera, hilo tuwaachie.

Tena msingi tunao sasa. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliwekewa anwani za makazi: mitaa ikapata vibao na nyumba zikapata namba. Nilipoona kibao cha mtaa wetu kwenye picha niliyotumiwa nilifurahi kweli. Ila fomu zetu bado zinauliza S.L.P., kana kwamba ile namba ya mlangoni ilibandikwa kwa ajili ya makarani wa sensa peke yao.

DVD zimepitwa, simwambii mtu aanze nazo leo. Nawaza vitabu. Bodi ya Huduma za Maktaba ina vitabu mijini, na mwanafunzi wa Namtumbo hana nauli ya kuvifuata. Kitabu kikimfikia ndani ya bahasha ambayo safari ya kurudi imeshalipiwa, na mtu wa posta akapita kukichukua nyumbani au hata shuleni kila Ijumaa, kitasomwa na mwingine wiki inayofuata. Wilaya moja inatosha kujaribia, na hiyo Namtumbo ingefaa.