Mwalimu wa mazoezi anahitaji mwenyeji darasani

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha kuna jambo linaniuma. Wanachuo wa ualimu wakiripoti shuleni Jumatatu, Jumanne wameshagawiwa vipindi, na mwenye somo haonekani tena darasani mpaka waondoke. Eti tunawakomaza. Wengi tunawavunja moyo kabla hata hawajaajiriwa.

Chuoni kijana huyu amezoea kufundisha wanachuo wenzake, watu wazima wanaojua jibu na wanaomtakia mema. Kwetu anakuta Darasa la Tatu lenye watoto zaidi ya mia. Kiwango cha serikali ya Tanzania kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamefurika, na ni jambo jema kwamba wamekuja. Ila andalio lake la somo halimwambii afanye nini na mtoto wa nyuma kabisa asiyeuona ubao.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo hutoka sehemu nne: kufaulu kulitenda mwenyewe, kuwaona wengine wakilitenda, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi anavyoichukulia hofu inayompanda mwilini. Ile ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi. Sasa huyu atafauluje, ikiwa anayewajua watoto kwa majina yuko ofisini?

Wapo pia wanaojiamini mno kwa sababu hakuna aliyewatazama. Anajaza ubao, watoto wananakili, kengele inalia, anaamini amefundisha. Huyo ananitia wasiwasi kuliko yule anayetetemeka.

Mkufunzi naye huja na fomu yake, akakaa nyuma kipindi kimoja, kisha akawahi shule nyingine. Simlaumu, ana wanachuo wengi. Anayeweza kusaidia kila siku ni mwalimu wa somo.

Wiki mbili za mwanzo abaki darasani. Afundishe yeye kwanza, mwanachuo atazame; kisha wagawane kipindi, mwanachuo aanze na kundi dogo la hesabu kwa vizibo vya soda. Kipindi kikiisha wakae pamoja dakika chache, waangalie madaftari: nani ameelewa, nani ameachwa wapi. Ndipo aachiwe darasa zima.

Walimu wakuu, wekeni hilo kwenye ratiba kabla wanachuo hawajafika.