Pawatila nyingi huharibikia kiangazi, si shambani

Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Desemba, mwaka mwingine mwishoni mwa Novemba, na Aprili ikiisha shamba halina tena haja na pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono. Kwa hiyo mashine tuliyoinunua kwa shida hukaa zaidi ya nusu mwaka bila kulima. Mtu akiniambia pawatila ni dhaifu, namuuliza kwanza kiangazi ilikaa wapi. Jibu huwa ni lile lile: chini ya mti, nyuma ya nyumba, matope ya shamba la mwisho yakiwa yamekaukia kwenye visu.

Sikatai, udongo wetu ni mgumu. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza Kongwa 1947 uliachwa 1951, na mojawapo ya mambo yaliyoutesa ni udongo uliokauka ukawa mgumu na kumaliza zana. Lakini pawatila ya leo hailimi kiangazi. Kinachoiua kiangazi ni kutelekezwa.

Kazi ya kuihifadhi ifanyike siku ile ile ya mwisho ya kulima, si Novemba mawingu yakianza kuonekana. Injini ikiwa bado ina joto, mwaga oili, maana oili ya moto hutoka na uchafu wake. Oili chafu ina masizi na asidi, ukiiacha ndani miezi sita inakula chuma taratibu. Weka mpya, washa dakika chache isambae, kisha zima. Ikipoa ndipo uoshe, na maji yasiingie kwenye chujio la hewa wala bomba la moshi.

Visu vinahitaji subira. Toa nyasi, kamba na vipande vya mifuko vilivyojisokota kwenye shafti, kwa sababu ndivyo vinavyokata sili, yaani mipira inayozuia oili isivuje na maji yasiingie. Wanaolima majaruba ya mpunga kule Bahi waangalie na oili ya giaboksi: ikiwa na weupe kama maziwa, maji yameshaingia. Badilisha sili na oili sasa, fundi akiwa na nafasi, kabla kutu haijafika kwenye beringi. Kaza boliti, badilisha kisu kilicholika, kisha pakaza visu vyote oili au grisi.

Tangi la dizeli lijaze. Likibaki nusu, hewa ya ndani huacha unyevu usiku wa baridi wa Juni na Julai, na maji hayo ndiyo yanayoharibu pampu na nozeli. Ya petroli ni kinyume: mwaga tangi na kabureta, kwani petroli ikikaa sana huacha utando wa gundi.

Vitabu vingi vya mashine hizi vinaonya kuhusu maji kuganda kwa baridi. Hilo si tatizo letu. Letu ni chumvi. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, yakikaa kwenye rejeta huacha magamba yanayozuia injini kupoa. Yamwage yote, na msimu ukianza jaza maji ya mvua kama umeyakinga. Kisha kuna vumbi, jua na panya. Safisha bakuli la chujio la hewa na uweke oili mpya. Funga mdomo wa bomba la moshi, nyigu wa udongo hawachelewi kujenga. Legeza mikanda. Inua magurudumu juu ya magogo, ndani ya banda lenye kivuli, na usiweke mashine karibu na magunia ya mtama, maana panya wakifuata nafaka watatafuna na mipira. Mwisho zungusha hendeli ya kuwashia polepole mpaka usikie injini inabana, uiache hapo. Valvu zote zimefungwa, unyevu haupiti.

Wapo wanaofunga tela na kubeba maji, mchanga na matofali kiangazi chote. Nawaunga mkono, mashine inaingiza fedha. Ila rotaveta, yaani sehemu ya visu vya kulimia, ifunguliwe, isafishwe na kuhifadhiwa, na chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara kuliko wakati wa kulima, kwa sababu vumbi la barabara zetu za kiangazi ni baya kuliko la shamba mbichi.

Linaloniumiza zaidi ni pawatila za vikundi. Baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kuinua kilimo, kutangazwa 2009, nyingi zilifika vijijini kwa njia hiyo, na kila mwanakikundi ana haki ya kuitumia lakini hakuna mwenye wajibu wa kuimwaga oili. Wenyekiti wa vikundi, nawaomba: mteueni mtu mmoja, mlipeni, apewe spana na daftari. Katika kila ekari inayolimwa kwa kukodisha, sehemu ya fedha iwekwe kando kwa ajili ya oili, chujio na sili, na isiguswe kwa shughuli nyingine yoyote. Mkutano wa kugawana mapato ya msimu usifanyike kabla wanachama hawajaenda bandani kuiona mashine ikiwa imeoshwa na kuinuliwa juu ya magogo.