Kukaa tu nako kunachosha

Huyo mstaafu kwenye habari anayesema ukishakuwa na pesa ya kukutosha kaa nyumbani upumzike, namuelewa ila mimi nilijaribu nikashindwa. Nilifikisha miaka 55 nikachukua pesa zangu za NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, nikajenga vyumba vinne vya kupangisha huku Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, kodi inaingia, watoto wamemaliza shule, sina deni la mtu. Basi nikakaa. Wiki ya kwanza tamu kweli, ya pili nikaanza kuhesabu kuku, ya tatu mama watoto akaniambia mzee hebu toka kidogo uone watu, maana nilikuwa namfuata mpaka jikoni namuuliza mbona vitunguu unakata hivyo 😂

Saa hizi niko na meza ya kutengeneza redio, simu na tivi karibu na stendi, nafungua saa nne nafunga nikichoka, kuna siku napata 5,000 kuna siku naambulia soda tu. Watu wananiuliza mzee unatafuta nini tena na nyumba unazo? Sijui niwajibu nini, ila kuna kijana nimemfundisha kulehemu, mwanzo mkono ulikuwa unamtetemeka mpaka risasi ya kulehemu inadondokea mezani, siku hizi anagusa mara moja tu na imeshika.

Wanaosema nawanyima vijana wateja hapo wana pointi, sibishi. Ndio maana kazi za tivi zote nampa yeye, mimi nabaki na redio za wazee wenzangu, na nyingi wala hazijaharibika, ni betri tu.