India na nyuklia: msamaha wa 2008 ulitolewa kwa bei ya chini

Septemba 2008, mjini Vienna, Kundi la Nchi Zinazouza Vifaa vya Nyuklia (NSG) liliikubalia India inunue vinu na urani kutoka nje, ingawa haijatia saini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia (NPT). Marekani ya George W. Bush ndiyo iliyolivalia njuga jambo hilo. Austria, Ireland na New Zealand zilisitasita hadi mwisho, kisha zikakubali.

Kundi hilohilo liliundwa kwa sababu ya India. Kinu cha CIRUS huko Trombay, Mumbai, kilitoka Kanada kama msaada, Marekani ikatoa maji mazito (maji maalumu yanayohitajika kuendesha kinu cha aina hiyo), na ahadi ilikuwa kwamba kitatumika kwa amani tu. Plutoni yake, madini ya bomu yanayozalishwa ndani ya kinu, ndiyo iliyotumika kwenye jaribio la Pokhran, jangwani Rajasthan, tarehe 18 Mei 1974. Delhi iliuita mlipuko wa amani. Kanada ikavunja ushirikiano, na nchi zinazouza teknolojia hiyo zikakaa pamoja kuweka masharti.

Hoja ya India si ya kupuuzwa. NPT inazitambua kama dola za nyuklia zile tu zilizofanya jaribio kabla ya Januari 1, 1967. China iliwahi: ililipua bomu lake Oktoba 1964, miaka miwili baada ya kuishinda India vitani Himalaya. Jirani aliyepigwa akaambiwa amechelewa. Dola tano zilizotambuliwa ziliahidi katika kifungu cha 6 kujadiliana kwa nia njema kuhusu kuondoa silaha zao, na mpaka leo bado zinazo. Tena India haikuuza siri zake, tofauti na mtandao wa A.Q. Khan, mwanasayansi wa nyuklia wa Pakistan, uliozifikishia Libya, Iran na Korea Kaskazini teknolojia ya kurutubisha urani.

Yote hayo nayakubali. Ninachokipinga ni bei. India ilikubali kuweka vinu 14 kati ya 22 chini ya wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Vinane vilivyobaki havikaguliwi, na urani inayonunuliwa nje kwa ajili ya umeme inaiwezesha ile ya ndani kwenda kwenye silaha. India haikutakiwa kusimamisha uzalishaji wa malighafi ya mabomu. Juu ya majaribio ilirudia ahadi yake ya hiari tu, bila kutia saini mkataba wa kuyapiga marufuku. Pakistan iliona hesabu hiyo mara moja: tangu 2009 imezuia mjini Geneva mazungumzo ya mkataba wa kusitisha uzalishaji huo. Na Afrika Kusini, iliyovunja mabomu yake sita na kujiunga na NPT mwaka 1991, ilijifunza nini kutokana na hili?

Upande wa umeme, mavuno ni haba. Bunge la India lilipitisha mwaka 2010 sheria iliyoruhusu mwendeshaji wa kinu kumdai fidia muuzaji wa vifaa vyenye kasoro. Makampuni ya Magharibi yalilalamika, lakini wabunge walikuwa wanaikumbuka Bhopal: usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984 gesi ya sumu ya kiwanda cha kampuni ya Kimarekani ya Union Carbide mjini humo iliua maelfu ya watu, na fidia ya 1989 ikawa dola milioni 470 tu. Sioni kosa lao. Vinu vya Wafaransa vya Jaitapur na vya Westinghouse huko Kovvada vikabaki kwenye makaratasi miaka nenda rudi, huku vya Warusi huko Kudankulam, vilivyokubaliwa kabla ya msamaha, vikiwasha taa.

Watetezi wa Washington watasema lengo halisi lilikuwa kumpata mshirika dhidi ya China. Alipatikana, kwa kiasi: India imenunua ndege za doria za P-8 kutoka Marekani. Lakini mwaka 2018 ilisaini pia kununua makombora ya S-400 ya Urusi, kwa sababu haijawahi kukubali kuwa mfuasi wa mtu.

Kimebaki kitu kimoja cha kujadiliana. Mwaka 2016 India iliomba uanachama kamili wa NSG, na China ikakataa. Kundi huamua kwa kauli moja. Wanaoiunga mkono India wangepaswa kuiwekea sharti lililosahaulika Vienna: isimamishe uzalishaji wa malighafi ya mabomu, Pakistan ikitakiwa kufanya hivyohivyo, ndipo mlango ufunguliwe.