Tirant: jembe vitani, bwege kwenye mapenzi

Mimi kwenye hadithi za mashujaa wa farasi na panga nawaambia watu waanze na Tirant lo Blanc, riwaya ya Kikatalani ya Joanot Martorell, iliyochapwa kwao Valencia 1490 mwenyewe akiwa keshafariki. Hata Cervantes, yule mwandishi wa Don Quixote, aliisifia, eti humo mashujaa wanakula, wanalala na kufia vitandani mwao. Na Martorell hakuwa mtu wa kusimuliwa, alimwita binamu yake wapigane mpaka kufa kisa huyo binamu kamuahidi dada wa Martorell ndoa akaruka, 1438 akafika mpaka London kumtafuta mfalme wa Uingereza awe mwamuzi, na bado hawakupigana, barua tu.

Sasa huyo Tirant, shujaa wa kitabu. Kaitwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kumwokoa Kaisari wa huko na Waturuki (mji wenyewe ulishatekwa 1453, kwa hiyo Martorell anaukomboa kwenye karatasi), anawapiga kwa akili kuliko nguvu, halafu anamwona Carmesina binti wa Kaisari na kila kitu kinamtoka kichwani. Akibanwa amtaje anayempenda anampa binti kioo, kwamba utakayemwona humo ndiye, na anaenda vitani kavaa shimizi ya bibie juu ya deraya! Usiku mmoja anatoroka chumbani kwa Carmesina kwa kamba, kamba fupi, anadondoka anavunjika mguu. Kamanda mzima.

Hapo nacheka, ila kuna mahali sicheki kabisa. Yule mjane aliyemnyonyesha Carmesina naye anamtaka Tirant, basi anamshawishi mtumishi avae kinyago afanane na Lauseta, mtunza bustani mweusi, amshikeshike binti kama mchezo, huku Tirant anachungulishwa kwenye vioo. Tirant huyu anayenusa mtego wa adui kutoka mbali haulizi hata swali moja, anamwendea Lauseta anamuua. Mtu hajui hili wala lile, alikuwa na maua yake. Na hadithi inaendelea kama vile kafa kuku, shujaa anabaki shujaa, mimi hapo nilimtoa kabisa kwenye orodha yangu.

Mwisho Tirant anashinda vita vyote, anaugua njiani anakufa, Carmesina anakufa kwa majonzi, Kaisari naye. Kiti anakichukua Hipòlit, kijana wa ukoo wa Tirant ambaye muda wote huo alikuwa analala na mke wa Kaisari, mama mtu mzima, na sasa anamuoa.