Mfuko wa choo wa "miezi mitatu"

Mtu akilazwa utumbo umejisokota, akatoka thieta na mfuko wa choo ubavuni, mtaani utasikia "wamemharibu". Madaktari nao wanasema ndugu hawaelewi. Mi naona ndugu ndo hawajasikilizwa, ila tuanze na daktari.

Utumbo mpana ukijisokota, tumbo linavimba kama ngoma, hupati choo wala kujamba, damu ikikosa njia kile kipande kinakufa. Huku kwetu wengi wanafika siku ya tatu, ya nne, washakunywa dawa za kuharisha, presha iko chini. Daktari anakata kilichooza, halafu aunganishe palepale, au atoe mdomo wa utumbo nje ya tumbo choo kiingie kwenye mfuko? Akiunganisha mshono ukavuja, kinyesi kinamwagika ndani, na kama ICU hakuna ndo basi tena. Kwa mgonjwa wa hivyo hata mimi ningesaini mfuko.

Shida ni hilo neno "wa muda". Mjomba wangu aliambiwa miezi mitatu, sasa ni mwaka wa tatu. Mifuko yenyewe mpaka mjini, ikiisha anakunja kipande cha kanga anafunga na mkanda, daladala hapandi, anakula mlo mmoja ili mfuko usijae, na msikitini kaacha kwenda japo shehe kamwambia ana udhuru. Oparesheni ya kurudisha utumbo ni kufunguliwa tumbo upya, na hela yote iliishia kwenye ile ya kwanza.

Sasa kuna utafiti wa Uholanzi, Ubelgiji na Italia uliotoka 2019, ni wa ugonjwa mwingine, vijifuko vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo mpana vikitoboka, na walichukua wagonjwa ambao presha imetulia. Baada ya mwaka, waliounganishwa palepale (wengine waliwekewa mfuko wa kulinda mshono, ambao kuuondoa ni rahisi zaidi) waliokuwa hai bila mfuko ni 94.6%. Wale ambao hawakuunganishwa, wakafungwa utumbo wa chini na kupewa mfuko, ni 71.7%. Hebu isome tena hiyo namba ya pili, maana yake karibu watu 3 kati ya 10 mwaka umeisha ama wamekufa ama mfuko bado upo, na hiyo ni Ulaya yenye bima na manesi wa kukufundisha kubadilisha mfuko, je huku ambako mtu anauza ng'ombe kulipia oparesheni moja?

Utaniambia Ulaya sio sisi, na kweli saa nane usiku hospitali ya wilaya anayeshika kisu mara nyingi sio bingwa, na mshono ni mkono wa aliyeshona. Lakini kuna wanaofika mapema, utumbo bado mzima, hao utumbo unaweza kunyooshwa kwa mrija kupitia njia ya haja kubwa halafu wakapasuliwa kwa mpango na bingwa kabla haujajisokota tena, maana ukiachwa hivyohivyo mara nyingi unarudia. Hao nao kwa nini watoke na mfuko?

Na hata pale mfuko hauepukiki, bei ya oparesheni ya pili isemwe mapema. Kadi ya mjomba imeandikwa arudi baada ya wiki 12. Alirudi, ndo akaambiwa bei.