Spika na mixa kwenda mkoani: basi au kampuni ya vifurushi?

Anayenunua vyombo vya muziki Kariakoo kwa ajili ya kwaya au bendi ya Mwanza ana njia mbili kuu za kuvifikisha. Anaweza kuvipeleka ofisi ya mizigo ya mabasi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, au avikabidhi kwa watu wa vifurushi kama EMS ya Posta na DHL. Watu hubishana kampuni ipi ni nzuri. Mimi ningeanza kuuliza: boksi hili litanyanyuliwa na kushushwa mara ngapi kabla halijafika?

Spika ya inchi 15 yenye sumaku ya feraiti hubeba uzito mwingi nyuma ya fremu nyembamba ya bati. Ikidondoka, sumaku inaweza kuhama kidogo sana, koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni ya spika) ikaanza kukwaruza, na kwa nje usione hata alama. Amplifaya yenye transfoma kubwa nayo ikitua kwa kishindo, transfoma hung'oa skrubu na kupasua bodi ya saketi. Matuta ya barabarani hulegeza nati, lakini kinachoua vyombo hivi hasa ni kudondoshwa.

Kwa kipimo hicho basi la moja kwa moja linajitetea vizuri. Mzigo unaingia kwenye buti Mbezi na kutoka stendi ya Nyegezi, Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100, na ukiwa na bahati haujaguswa katikati. Unaweza kusimama pale ukaona umewekwaje, ukachukua namba ya kondakta, na mpokeaji akausubiri stendi. Ila buti hupangwa kwa haraka, abiria wa Morogoro na Singida wanashusha mizigo yao, na gunia la mchele linaweza kuishia juu ya mixa yako. Halafu kuna risiti. Ikiandikwa "boksi 1" bila aina wala thamani, siku ya kudai fidia huna pa kushika.

Kampuni ya vifurushi hupitisha boksi ghalani, kwenye gari dogo, pengine ndege, kisha ghala jingine. Mikono ni mingi zaidi, lakini kila kituo kina kumbukumbu, thamani hutamkwa, na ukikwama unaweza kupeleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayotoa leseni za kazi hiyo. Hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo watu huitegemea kupita kiasi. Kwa mzigo wa ndege wa kimataifa, tuseme mixa inayotoka Dubai, Mkataba wa Montreal unaweka ukomo wa fidia wa vizio 26 vya SDR (kipimo cha fedha cha IMF) kwa kilo tangu mwisho wa 2024, isipokuwa umetamka thamani kubwa zaidi na kulipia nyongeza. Mixa ya kidijitali ya kilo 6 inapata vizio 156, kama dola 200 na ushee, hata kama uliinunua kwa zaidi ya dola 1,000. Na ufungashaji ukionekana hafifu, dai lenyewe linaweza kukataliwa.

Gharama nayo inaamua. Kampuni nyingi za haraka hupima ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Boksi la spika la 75 kwa 45 kwa 40 linahesabiwa kilo 27 hata kama mzani unasoma 18. Spika za kuchaji zina betri za lithiamu na lazima zitajwe kabla ya kupanda ndege. Sumaku kubwa nazo zina masharti yake huko.

Kwa hiyo spika nzito ningezipeleka kwa basi la moja kwa moja, na risiti iandikwe aina na bei. Mixa, maikrofoni na mashine ya santuri ningezipa kampuni ya vifurushi, thamani ikiwa imetamkwa, boksi ndani ya boksi, sponji la sentimita 5 kila upande. Sahani ya mashine ya santuri ifungwe peke yake na mkono wake ukazwe, maana sahani ikilegea njiani hupiga kila kitu kilicho jirani yake. Mpokeaji afungue na kuwasha mbele ya mhudumu kabla ya kusaini. Asiporuhusiwa, aandike kwenye hati kwamba hajakagua.

Hesabu hii hubadilika mzigo ukiwa wa Ukerewe au popote pa kuunganisha gari na kivuko. Hapo basi limeshapoteza faida yake ya mikono michache, na hata spika ningezitoa kwa kampuni, au nimlipie nauli mtu wa kwaya azifuate mwenyewe.